Nilimwambia mteja si lazima alipe, yeye akasoma ni marufuku

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Kurasini, Dar es Salaam. Nafuatilia mizigo ya transiti, hasa makontena yanayokwenda Zambia kupitia Tunduma, na ndiye ninayewaandikia wateja barua pepe kuwaeleza mzigo umefikia wapi, nini kimelipwa na nini bado. Kiingereza changu si cha kuungaunga. Kidato cha nne nilipata B, na wenzangu ofisini huniletea barua zao nizipitie kabla hawajazituma. Ndiyo maana jambo hili limeniuma sana.

Mwezi uliopita mteja wetu wa Ndola, Zambia, aliuliza kama ni lazima alipe storeji, yaani ada ya mzigo kukaa bandarini, siku ileile. Siku za bure zilikuwa hazijaisha, nami kwa nia njema kabisa nikamjibu: "You must not pay today." Maana yangu ilikuwa moja tu, si lazima ulipe leo. Kumbe hela alikuwa nayo tayari. Akasitisha malipo. Mtu wao wa kusaini akasafiri, wikiendi ikaingia, siku za bure zikaisha, storeji ikaanza kuhesabu. Bili ilipomfikia akaja juu: si ninyi mlionikataza kulipa? Mimi sikumkataza mtu. Bosi wangu, mama mmoja Mwingereza, akanipa barua ya onyo.

Barua yenyewe ikafukua na jambo la zamani. Kuna siku bosi aliniandikia: "You might want to run those figures past me before they go out." Mwalimu, might si huenda? Daftari langu la sekondari ninalo mpaka leo na limeandikwa hivi: can ni kuweza, may ni kuweza au huenda, might ni huenda ya mbali, should ni kupaswa, must ni lazima. Sasa mtu akiniambia huenda nikataka kumwonyesha hesabu, nikajitazama, nikaona sitaki, nikazituma. Leo naambiwa nilikaidi maelekezo. Maelekezo gani hayo?

Halafu mteja mwingine analalamika kwamba barua zangu ni kali. Nilimwandikia: "You must send the original documents by Friday." Si ndiyo ukweli? Bila nyaraka halisi mzigo hautoki.

Nimefika mahali najiuliza kama Waingereza ni wanafiki. Wao wakitoa amri wanaivika hiari, wewe ukisema lazima penye lazima wanakasirika. Kaka yangu anasema nikae chini nikariri orodha upya. Je, nikariri? Na hiyo barua ya onyo niijibu vipi?

Karani wa Bandarini,
Kurasini

N.B. Jana mteja wa Ndola ameandika: "We may have to look at other options for the next shipment." Angalau ametumia may, kwa hiyo bado hajaamua. Au sivyo?

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hiyo N.B. yako, kwa sababu ndipo penye moto. Hajaamua, ni kweli, lakini mkono wake uko kwenye kitasa cha mlango. Mfanyabiashara akikuandikia kwamba huenda akalazimika kutazama kwingine, hakupi taarifa ya yanayopita kichwani mwake, anakupa nafasi ya mwisho kwa adabu. Mteja wa Kariakoo angekwambia, "Haya bwana, tutaangalia," na wewe papo hapo ungejua kwamba hiyo tutaangalia ni kwaheri. Mpigie simu leo, usimwandikie. Usiahidi kumrudishia hela ya storeji, hilo si la kwako. Mwambie tu kwamba sentensi ile ilitoka kwenu na haikusema mlichokusudia, na kwamba kwa mzigo ujao utampa tarehe za malipo mapema. Ukishakata simu, urudi tuendelee.

Umerudi? Haya. Kukariri orodha sikushauri hata kidogo, maana orodha ndiyo iliyokufikisha hapo. Wengi wetu tulifundishwa hivyo, neno kwa neno, na kwa majina ya vitu njia hiyo haina madhara makubwa. Kwa vile vitenzi visaidizi ambavyo walimu wa Kiingereza huviita modals, yaani can, could, may, might, must, shall, should, will na would, inaharibu. Kila kimoja kina kazi zaidi ya moja. Upande mmoja ni mambo ya wajibu, ruhusa na amri: nani anatakiwa afanye nini. Upande wa pili ni makisio: msemaji anaona jambo lina uwezekano kiasi gani. Soma chupa ya dawa ya mafua: "May cause drowsiness." Hakuna aliyeipa dawa ruhusa ya kukusinzisha. Huenda ikakusinzisha, basi. Lakini ofisa wa forodha akikwambia "You may go," hakisii kitu, anakuruhusu uende zako.

Must nayo ni hivyohivyo. "The truck must stop at the weighbridge" ni wajibu. "The truck must have reached Tunduma by now" ni makisio yenye uhakika mkubwa, na dereva hajaamriwa lolote. Nawe unalijua jambo hili kwa Kiswahili bila kufundishwa, kwa sababu kila siku unasema "lazima atakuwa ameshafika Tunduma" na hakuna mtu pale ofisini anayeuliza ni nani aliyetoa amri. Ukiona must imefuatwa na have na kitendo kilichokwisha, mara nyingi sana ni makisio. Ukiona imefuatwa na kitendo ambacho mtu anatakiwa akifanye, tafuta wajibu.

Sasa tuje kwenye ile sentensi ya Ndola.

Kiswahili kina mahali pawili pa kuweka ukanushi, nasi tunachagua bila hata kufikiri. Ukisema "si lazima ulipe leo", kinachokanushwa ni lazima yenyewe: wajibu umeondoka, kulipa kumebaki hiari yako, ukitaka kulipa lipa. Ukisema "lazima usilipe leo", au kwa kawaida zaidi "usilipe leo", lazima imebaki palepale na kinachokanushwa ni kulipa. Sentensi mbili tofauti kabisa, moja ya kumpa mtu nafuu, nyingine ya kumzuia. Kwenye must not, ile not huirukia must na kwenda kukishika kitenzi kinachofuata. Sentensi yako ikawa ni wajibu wa kutolipa. Mteja wako alisoma sawasawa na kilichoandikwa.

Usijione mjinga. Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu wa damu wa Kiingereza, wana kitenzi kinachofanana na must hata kwa sauti, na wao wakikikanusha humaanisha si lazima, kama sisi. Wakijifunza Kiingereza wanaangukia shimo hilohilo.

Ile "si lazima" yako kwa Kiingereza ni "do not have to" au "need not". Hapa pana kichekesho kidogo: must na have to katika kukubali ni kama pacha, "you must pay" na "you have to pay" zinakaribiana sana. Zikikanushwa tu, kila moja inashika njia yake. Mbaya zaidi ni may not, kwa kuwa yenyewe inakwenda pande zote mbili. "You may not enter the yard" maana yake huruhusiwi kuingia. "The vessel may not arrive on Friday" maana yake huenda meli isifike Ijumaa, na hakuna aliyeikataza kufika. Kwa hiyo barua yenye hela au tarehe ndani yake, kwanza itunge kwa Kiswahili kichwani na uangalie ile "si" yako iko wapi. Imekaa kwenye lazima? Andika do not have to. Imeingia ndani ya kitenzi, usilipe, usipakie, asiondoke? Hapo ndipo must not ina kazi.

Ila nikwambie kitu kingine ambacho bosi wako naona hakukiandika kwenye onyo. Hata kama ungeandika "You do not have to pay today" bila kosa lolote, mteja angejua kwamba si leo, asijue ni lini. Sentensi iliyokosekana ni hii: "The free days end on Thursday. Please pay before then." Kwangu mimi kukosekana kwa hiyo Alhamisi ni kosa zito kuliko must.

Kuhusu "You might want to run those figures past me", hapo sikuungi mkono, na nadhani hata wewe ungekuwa kwenu usingefanya ulivyofanya. Mkweo akikupigia akasema, "Baba, ukipata nafasi Jumapili pitia nyumbani," utakaa kujitazama kama nafasi unayo? Unatafuta shati la kupiga pasi. Kwenye "ukipata nafasi" hakuna hata neno moja la amri, na hakuna Mswahili mwenye akili zake anayelisikia kama hiari. Maana haiko kwenye kitenzi peke yake. Iko kwa anayesema, kwa anayeambiwa, na kwa atakayebeba mzigo jambo lisipofanyika. Bosi wako alikuwa anasema na mtu aliye chini yake, kuhusu kazi, kuhusu hesabu zinazotoka kwa jina la kampuni yake. Yote matatu yakikutana, "might want to" ni fanya. Mtu huyohuyo akisema "The truck might be late", anakisia tu safari ya lori, na hakuna cha kutii.

Unaweza kuuliza kwa nini wanatumia might na si may, could na si can. Zamani could, might, would na should zilikuwa ndizo hali za wakati uliopita za can, may, will na shall, na leo Kiingereza kinalitumia umbali ule wa wakati kuwa umbali wa adabu. "Could you send me the invoice?" haiulizi kama jana uliweza. Na sisi je? Nenda dukani usikilize: "Nilikuwa naomba sukari kilo moja." Hajawahi kutokea muuza duka akauliza, "Ulikuwa unaomba lini?" Tunaurudisha nyuma wakati ili ombi lisimgonge mtu usoni. Tuna na -nge- pia, ningependa, ungenisaidia, inayofanya kazi ileile ya would na could. Kwa hiyo neno unafiki liache. Kama wao ni wanafiki kwa might, sisi ni wanafiki kwa naomba, na ninavyojua mimi Mtanzania akisikia mtu anaagiza chai kwa "nataka" au "leta" tu, hugeuka kutazama ni nani huyo.

Upande mmoja lakini una haki. Agizo lenye hela ndani yake halifai kuvikwa baibui. Waingereza wenyewe wanalijua hilo. Kitabu chao cha kanuni za barabarani, Highway Code, kina utaratibu wa wazi: palipoandikwa MUST au MUST NOT kwa herufi kubwa ni sheria na ukiivunja unashitakiwa, palipoandikwa should ni ushauri. Mafundi wa intaneti nao, mwaka 1997, walitoa waraka mfupi uitwao RFC 2119 ambao kazi yake kubwa ni kueleza MUST, SHOULD na MAY zinamaanisha nini katika nyaraka zao za kiufundi, ili kila mmoja asijisomee lake. Na hapa kwetu, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, inasema sheria ikimpa mtu mamlaka kwa may, ana hiari ya kuyatumia au kuyaacha, na ikitumia shall, jambo hilo ni sharti litekelezwe. Hili liweke karibu kwa sababu ya mikataba unayoishika kila siku. "The consignee shall pay all storage charges" usiisome kama habari ya baadaye kwamba mpokeaji mzigo atalipa. Ni sharti, na ndilo mwanasheria wao atakalolishika.

Kuhusu mteja aliyekuona mkali: ulichosema ni kweli, tatizo ni mdomo uliosema. Must kutoka kwako kwenda kwake inakuweka wewe juu yake. Angekuja mzee pale kaunta usingemwambia "lazima ulete". Ungesema, "Mzee, forodha wanadai nyaraka halisi, tukizipata kufikia Ijumaa mzigo unatoka." Umeona ulichofanya? Umetoa lazima mdomoni mwako ukaipeleka kwa wenyewe, halafu ukamwonyesha faida yake. Andika hivyohivyo: "Customs requires the original documents. If we have them by Friday, we can release the cargo." Hakuna must hata moja na kila mtu ameelewa kwamba ni lazima. Wala usiiogope must moja kwa moja. Mtu akikwambia "You must come to Lusaka and stay with us," amekukirimu, kama mwenyeji wa Unguja anavyosema "lazima ule" huku anakuongezea pilau. Lazima yenye faida kwa anayeambiwa haichomi.

Dawa ya ofisi zetu, najua, ni kindly. Kindly send, kindly confirm, kindly advise. Tumeigeuza kuwa naomba yetu, na miongoni mwetu Waafrika Mashariki inafanya kazi vizuri tu. Kwa masikio ya Uingereza, kindly mbele ya amri huweza kusikika kama mwalimu mkuu aliyeishiwa subira. Please inatosha. Wala usiruke upande wa pili ukaanza "I would be most grateful if you could possibly consider", maana mteja atafika mwisho wa sentensi akiwa hajaona tarehe.

Ya umbo nayapita haraka, kwa kuwa B yako inanitosha. Hivi vitenzi havichukui s wala to baada yake. "Can be able to", ambayo nimeisikia hata kwenye mikutano mikubwa, ni kuweza mara mbili. Must ya wajibu haina wakati uliopita wa kwake, inaazima had to, na "didn't must" haipo, sema "did not have to".

Badala ya orodha, fungua kikasha chako cha barua pepe. Chukua sentensi za watu halisi, za bosi, za wateja, za wenye meli, na kila moja uiandike kando kwa Kiswahili ambacho mtu wa cheo kile angekitumia kwako hapa Dar. Usitafsiri might. Tafsiri bosi anayesema na karani. Ukiandika "ukipata nafasi nionyeshe hesabu kabla hazijatoka", hutahitaji mtu wa kukueleza imekusudia nini, na daftari lako la sekondari utawapa wadogo zako wafungie maandazi.

Sasa barua ya onyo. Ijibu, na yatenganishe mambo mawili. Lile la Ndola lipokee kwa mistari miwili bila kujitetea: sentensi ilisema kinyume cha ulichokusudia, na tangu sasa kila barua ya malipo itakuwa na tarehe ya mwisho. Neno wanafiki lisiingie popote, wala habari za daftari lako. Kwa lile la hesabu simama kidogo, kwa sababu kukaidi ni kujua halafu ukakataa, na wewe hukujua. Andika: "I read your message as a suggestion. I now understand that it was an instruction. Could you please tell me directly when I need your approval before sending figures to a client?"

Hiyo could usiiguse. Ukiandika "You should tell me directly" utakuwa umesema jambo la haki kabisa, na utapata barua ya pili.